Ubao wa Tarakimu Nane

Aune Hietala alipima mbao miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha kupasua magogo, Kemi,
kaskazini ya Ufini, ambako jua la Januari
huchungulia kama mdaiwa, likarudi ndani.
Kiwanda kilipofungwa alibaki na rula ya chuma,
penseli bapa, na namba aliyotajiwa
na mhandisi mmoja saa ya kahawa:

73939133.

"Haigawanyiki," mhandisi alisema, akapangusa midomo.
Aune hakubisha. Wala hakuamini.

Alianza siku theluji ya kwanza ilipogoma kuyeyuka.
Mbili: hapana, ni witiri.
Tatu: jumlisha tarakimu, thelathini na nane, hapana.
Tano, hapana. Saba: imebaki mbili.
Kumi na moja: imebaki nne. Kumi na tatu: nane.
Kila mara kitu kinabaki,
kama makombo mezani kwa mtu alaye peke yake.

Hakuna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili,
elfu nane mia tano tisini na nane na ushee.
Ila wagawaji wa kujaribu hadi hapo
ni elfu moja na sabini,
na Aune hakuruka hata mmoja.
Daftari za kiwanda zikaisha, akahamia bahasha za bili.
Machi akaufikia mlango wa mwisho, 8597.
Akabisha. Baki: 4933.
Akapasha moto kahawa ya jana.

Wenye hesabu wana makabati yao.
Hii wameitia katika droo ya namba pungufu,
kwa kuwa vigawo vyake, ukiitoa yenyewe,
jumla yake ni moja, basi.
Na katika droo ya namba tasa.

Tasa. Neno hili kwetu lina meno;
mwanamke hutupiwa mgongoni akiwa anapita.
Kwa Kifini namba hiyohiyo ni *alkuluku*,
namba ya mwanzo.
Aune, ambaye hakuzaa,
hakujua kuwa ipo lugha mbali huko
iliyokwisha kumpa yeye na namba yake jina moja.

Vuokko wa nyumba ya pili, miaka tisa,
haridhiki na maneno matupu.
Basi Aune akaziandika tarakimu nane kwenye ubao wa msonobari,
akampa msumeno. "Kata mkia."
Tatu ikaanguka. 7393913: tasa.
Tatu tena. 739391: tasa.
Moja. Tisa. Tatu. Tisa. Vumbi likanukia utomvu.
Tatu.
Kila kilichobaki kilibaki kizima,
mpaka saba, kipande cha kujaa kiganja.

"Sasa irefushe."
"Hairefuki. Ongeza moja mkiani, au saba, tatu itaigawa.
Ongeza tatu au tisa, itavunjika pia, ila utatoka jasho.
Wenzake wa urefu huu ni wanne tu,
na kwa sisi tuhesabuo kwa kumi
hakuna mrefu kuwapita."

Vuokko alikwisha kuchukua ubao mwingine.
Akaandika zilezile nane, kwa mwandiko wa kupinda,
akakata kichwa.

3939133.

Aune akachukua penseli, apate kumwonyesha.
Tatu, hapana. Saba, imebaki mbili.
Kumi na moja:
laki tatu hamsini na nane elfu mia moja na tatu.
Baki hakuna.
Akarudia. Baki hakuna.
Majira yote ya baridi, na hakuwahi kufikiri
kuanzia upande huo.

Mtoto alicheka, kisha akaacha, kwa kuwa alicheka peke yake.
Vipande vikaenda jikoni, moto ukavipokea.
"Naomba niende na ile saba."
"Ipi?" Aune akauliza.
Zilikuwa mbili mezani,
iliyobaki mwisho, na iliyokatwa kwanza.